Kiberiti cha Zdenka

Katika bonde la Vipava mapaa huwekewa mawe,
la sivyo upepo wa burja hubeba vigae kama barua.
Chini ya paa moja la namna hiyo, ngazi kumi na nne chini,
Zdenka ananing'iniza utepe wa kiberiti kwenye waya,
anauwasha kwa njiti,
anauteremsha ndani ya pipa tupu, anaziba.

Kiberiti kimewasha kiberiti:
lugha yangu haioni haya kuliita jiwe la njano
na kisanduku cha njiti kwa jina moja.
Mle gizani mwali wa buluu unakula oksijeni,
unazaa hewa inayochoma pua,
inayotoa chozi pasipo msiba.

Marehemu Ludvik, babake, alipima kwa pua.
"Ukikohoa mara moja, yatosha. Mara mbili, umemwaga pesa."
Mapipa yake mengine yalitoka malaika,
mengine yalinuka kama njiti iliyozimwa juu ya yai.
Aliulaumu mwezi.

Zdenka haulaumu mwezi.
Ana bomba la kioo, iodini, wanga kidogo.
Tone. Anatikisa. Tone. Anatikisa.
Iodini inaingia na kupotea, inaingia na kupotea,
kwa kuwa salfa iliyo huru inaimeza,
hadi tone moja linakosa wa kulimeza
na glasi nzima inageuka buluu, wino wa shule.
Anaandika ukutani kwa chaki: kumi na tisa.
Miligramu kumi na tisa kwa lita.
Mwezi jana alitia arobaini.

Ishirini na moja zimekwenda wapi?
Zimeoa.
Zimeshikana na sukari, zimeshikana na rangi,
na kuliko vyote zimeshikana na asetaldehaidi,
ile harufu ya tofaa lililoanguka likachubuka,
ambayo pombe yenyewe huizaa ikipitiwa na hewa.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Zilizoshika zimeshikwa. Hazilindi tena chochote,
zimefungwa chumba kimoja na mfungwa wao.

Wala hizo kumi na tisa si askari zote.
Uchachu ndio unaoamua.
Katika zelen, mvinyo mweupe mkali, pH tatu nukta moja,
kama tano katika kila mia hubaki molekuli kamili, bila chaji,
na ni hizo tu zinazopenya ngozi ya bakteria.
Katika mwekundu wa shamba la juu,
ambako jua lilizidi na asidi ikanywea,
hubaki moja katika mia, na ushee.
Dozi ile ile: huku ukuta, kule pazia.

Basi kwenye zelen leo haongezi kitu.
Mkono ulikwisha shika kijiko. Anaurudisha.

Amebaki Bogomil, nduguye, anayekaa Maribor,
ambaye kifua humfunga kwa harufu tu ya pishi hili.
Mwaka juzi alimwekea pipa zima bila salfa.
Kufika Mei lilikuwa na rangi ya chai iliyolala,
na majirani walipewa siki hadi wakaanza kujificha.
Safari hii ni dumu la kioo, lita ishirini,
limejazwa hadi shingoni, hewa isipate pa kukaa,
limewekwa pembe ya kaskazini, penye baridi kuliko kote.

"Uje kabla ya Pasaka," anamwambia kwa simu.
"Huu hauna mlinzi. Una haraka."
"Haumo kabisa huo moshi wako?"
Zdenka anatazama namba ukutani, anatazama dumu.
Angeweza kusema haumo.
"Hamira yenyewe imetia chembe, ilipokuwa ikichacha. Hutia kila mwaka.
Mimi sijatia."

Kimya. Huko juu burja inayapapasa mawe,
moja baada ya jingine, kama inayahesabu.
"Chembe hiyo," anasema Bogomil,
"nitaikohoa taratibu."